Fundisha Watoto Siku Tano Kwanza, Ndio Tuongee Kuhusu Kukua Kiroho

Wasee, leo wacha tuongee kuhusu kitu tunapenda kusema sana na hatukipimi: kukua kiroho. Kila Januari mtu anaandika "mwaka huu nakua kiroho", anaweka picha ya Biblia kando ya kikombe cha chai, imeisha hapo. Mimi maoni yangu ni haya. Ukitaka kujua imani yako imefika wapi, enda ufundishe watoto wa gredi ya pili siku tano mfululizo. Sijaona kipimo kingine kinafanya kazi haraka hivyo.

Kama wewe ni mgeni hapa, mimi ni mtu wa Ruiru, natengeneza video, na niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipotushinda nyumbani. Sina cheo kanisani. Si mchungaji, si mtoto wa mchungaji. Kwa hivyo haya ni maoni ya mtu wa kawaida, na kama wewe si Mkristo bado kaa kidogo, kuna kitu chako huku ndani.

Rika letu limekuzwa na imani ya kusikiliza. Mahubiri yako YouTube, nyimbo ziko kwa simu, kesha unafuata ukiwa umejifunika blanketi. Si vibaya. Kuna siku mahubiri ya dakika kumi yamenishika mkono nikiwa chini kabisa. Lakini msikilizaji ana raha moja kubwa: hakuna mtu anamuuliza kitu. Unaweza kusikiliza miaka mitano, uitikie amina pale panapofaa, na usijue kama unaamini ama umezoea tu.

Sasa, Agosti shule zikiwa zimefungwa, kanisa letu lilipanga misheni ya watoto. Najua ukisikia misheni unafikiria lori, mahema, vumbi la Turkana, na watu wakilia wakiagwa. Sisi tulipanda matatu. Ruiru, Juja, Witeithie, Thika. Kama kilomita 20 hivi, nauli ya mia moja ukipata konda mwenye roho safi. Tulikuwa watu kumi na wawili na tulikuwa tunaenda Kiandutu, ule mtaa wa mabanda kando ya Garissa Road, upande wa Makongeni. Jina lenyewe limebeba neno ndutu, yaani funza kwa Kikuyu. Thika unaijua: viwanda, chuo kikuu katikati ya mji, mananasi ya Del Monte hadi macho yachoke. Na katikati ya hayo yote kuna mtoto wa miaka saba na jerikeni ya lita kumi, kwa laini ya maji, jua likichomoza.

Nilipewa kikundi cha miaka saba na nane. Watoto 34, turubai moja, ubao mmoja, chaki za rangi mbili. Kiswahili, Kikuyu, Kikamba na Sheng zote ndani ya sentensi moja. Nikajiambia hii ni rahisi, mimi huongea na kamera kila siku. Lakini kamera haiinui mkono.

Siku ya kwanza somo lilikuwa lile la Yesu kulisha watu elfu tano, kwa Yohana sura ya 6. Unalijua: kuna kijana ana mikate mitano na samaki wawili, chakula kinachukuliwa, kinabarikiwa, watu wote wanakula. Nikasimulia vizuri, na sauti, na mikono. Nilikuwa najisikia kabisa. Halafu mvulana mmoja mbele akauliza, "Ticha, na huyo mtoi alirudishiwa lunchi yake?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Msichana kando yake akaongeza, "Mamake hakumgombeza akifika nyumbani?"

Tafadhali elewa hao watoto walikuwa wanauliza nini. Mimi nimesikia hiyo stori tangu nikiwa mdogo, na kila mara niliambiwa inahusu kutoa. Toa kidogo ulicho nacho, Mungu ataongeza. Imetumika kuchangisha pesa za kujenga, za vyombo vya muziki, za gari la mchungaji. Lakini mtoto anayejua chakula cha mchana ni nini siku hakipo haanzi kwa somo la kutoa. Anaanza kwa mwenye mkate. Anataka kujua kama Mungu ni mtu wa kuchukua chakula cha mtoto mbele ya umati, halafu mtoto arudi nyumbani mikono mitupu huku watu wakisema haleluya.

Sikuwa na jibu pale pale. Nikawaambia ngojeni kesho. Usiku nikafungua hiyo sura na kuisoma kama mtu ambaye ataulizwa. Kumbe imeandikwa wazi kwamba watu walipewa kwa kadiri walivyotaka, na mabaki yakajaza vikapu kumi na viwili. Biblia haisemi kijana alirudishiwa mkate wake. Lakini kama kila mtu pale alikula akashiba, na yeye alikuwa pale, basi alikula akashiba. Na chakula kilibaki. Asubuhi nikawapelekea hilo jibu, na nikawaambia pia sehemu ambayo haijaandikwa. Yule mvulana akafikiria, akasema, "Sawa basi." Sijawahi kupata maoni mazuri kuliko hayo kwa kitu chochote nimewahi kuposti.

Hapo ndipo naanza hoja yangu. Kwa miaka nilikuwa nimeisoma hiyo stori kama mtu aliyekaa upande wa umati. Mtoto ndiye alinihamisha nikakaa upande wa mwenye mkate. Kukua kiroho kwangu kulikuwa hivyo. Hakukuwa na machozi wala kuanguka chini. Nilirudi kwa maandishi yale yale nikiwa na swali la mtu mwingine, mtu mwenye njaa kuliko mimi.

Siku ya pili wakageukia mimi. "Ticha, unasomesha shule gani?" Nikasema sisomeshi. "Uko chuo?" Nikasema nilikuwa, nikatoka, pesa iliisha. Kimya kidogo. Halafu mmoja: "Kwa hivyo hukumaliza na wewe ni ticha?"

Mtu mzima akiniuliza hilo swali, nina majibu yangu tayari. Ya mjomba kwa matanga, ya mlinzi wa geti, ya wale mnaandika kwa maoni "rudi shule kwanza". Yote ni majibu ya kujitetea. Mtoto alikuwa anataka tu kujua kama inawezekana. Nyumbani kwao huenda kuna kaka au dada aliyetoka shule kwa sababu hiyo hiyo, na ameambiwa hiyo ndiyo mwisho. Nikamwambia ndiyo, sikumaliza, na najua kusoma, na leo nitakufundisha kitu ninachojua. Tukaendelea na somo. Nilikuwa nimeomba karibu miaka miwili Mungu aniondolee aibu ya kuacha chuo. Iliondoka kidogo siku hiyo, nikiwa na chaki mkononi, bila mtu kuniwekea mikono kichwani.

Na maombi yenyewe yalibadilika. Siku ya tatu tulimwambia kila mtoto aombe sentensi moja. Sisi wakubwa tunajua kuomba kwa mzunguko: ee Baba wa rehema, tunakuja mbele zako, tunakunyenyekea. Kijana mmoja mfupi akafunga macho na kusema, "Mungu, kesho laini ya maji iwe fupi. Amina." Akafungua macho, akaketi. Tangu siku hiyo nimeacha kuomba "mambo yafunguke". Naomba kodi ya mwezi huu. Naomba nisimjibu mamangu vibaya kesho asubuhi. Ukiomba kitu kinachoonekana, unaweza kujua kama kimejibiwa, na hiyo inaogopesha kidogo. Lakini imani isiyoweza kuulizwa "ilikuaje?" ni ngumu kuitofautisha na mazoea.

Siku ya nne tulisoma binti Yairo, kwa Marko sura ya 5. Msichana wa miaka kumi na miwili anafufuliwa. Wahubiri wengi huishia kwa muujiza. Darasa langu lilishika mstari wa mwisho kabisa, ule mimi nilikuwa naruka: Yesu anaagiza msichana apewe chakula. Walifurahia hapo kuliko kufufuka kwenyewe. Kwao ilikuwa wazi. Mtu amekuwa mgonjwa, amelala, lazima ana njaa, na Yesu alikumbuka. Mimi nilikuwa na Mungu wa mambo makubwa. Wao wakanionyesha Mungu anayeuliza kama umekula.

Sasa tuje kwa upande wangu wa kazi, kwa sababu najua mtaniuliza picha ziko wapi. Hakuna. Kiongozi wetu alikuwa na sheria moja: simu zinakaa kwa begi hadi mtoto wa mwisho aende nyumbani. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kama kufunga kula. Kuna dakika kadhaa pale chini ya turubai zilikuwa video tayari. Mwanga mzuri, watoto wanacheka, wimbo. Najua kabisa zingefika wapi.

Kuna sheria ya nchi kuhusu hii kitu, na wenzangu tunaotengeneza video hatuiongelei vya kutosha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza kabla hujatumia taarifa za mtoto, na picha yake ni mojawapo. Mwaka 2023 Kamishna wa Data alipiga shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuweka picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Kwa hivyo ile video ya "tumelisha watoto wa ghetto, Mungu ni mwema" ina shida hata kabla tufike kwa maadili.

Lakini mbali na sheria, jiulize huyo mtoto atakuwa na miaka ishirini siku moja. Atatafuta jina lake kwa intaneti. Unataka apate uso wake na kamasi na fulana iliyopasuka, chini yake maandishi yako kuhusu vile ulibarikiwa? Mimi sitaki mtu anitafute akinipata hivyo. Na kwa upande wa kiroho, kufanya kitu kizuri bila mtu kukiona kulinionyesha mambo fulani. Siku ya kwanza mkono wangu ulienda mfukoni labda mara ishirini. Siku ya tano mara mbili. Ile nafasi iliyobaki, ndiyo nilikuwa namsikiliza mtoto akiongea hadi mwisho.

Najua kuna mtu anasema, "Lakini misheni za wiki moja ni utalii tu wenye fulana ya kanisa." Ana hoja, na mimi simpingi. Siku ya tatu wakati wa uji msichana mmoja aliniuliza, "Mtarudi lini? Wale wengine pia walisema watarudi." Hakuuliza kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anaulizia ratiba. Kiandutu imeona fulana za rangi zote. Watoto hao wamekua kiroho watu wengi sana, na wamebaki pale pale kwa laini ya maji.

Ndio maana ninakataa kuandika tu vile nilibadilika halafu nifunge hapo. Ukuaji wangu ukiisha kwa steji ya Thika nikipanda gari la kurudi, basi watoto 34 walikuwa vifaa vyangu vya mazoezi. Kipimo ni kama mtu anarudi.

Na mfano uko hapo hapo Thika. Kuna shule ya wasioona iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Hesabu miaka. Wale walioianza wengi wao hatuna majina yao kichwani, na hakuna aliyerekodi video wakifungua darasa. Lakini hadi leo kuna mtoto anatoka mbali, anafika Thika, na anajifunza kusoma nukta nundu kwa vidole. Hiyo pia ilianza kama misheni. Tofauti ni kwamba kuna mtu alirudi Jumatatu, na Jumatatu iliyofuata.

Hata shule ya Jumapili yenyewe haikuanza na biskuti na picha za kupaka rangi. Mwaka 1780 huko Gloucester, Uingereza, mchapishaji wa gazeti anaitwa Robert Raikes alianza kukusanya watoto waliokuwa wakifanya kazi wiki nzima. Jumapili ndiyo siku pekee walikuwa huru, kwa hivyo wakafundishwa kusoma siku hiyo. Kusoma, wasee. Kwa hivyo mtu akikuambia mambo ya Mungu na mambo ya kitabu ni vitu viwili tofauti, mwambie historia haikubaliani.

Halafu kuna upande mzito, na siwezi kuuruka. Mwaka 2023 kwa msitu wa Shakahola, kule Kilifi, zaidi ya miili 400 ilifukuliwa, na wengi walikuwa watoto. Hao watoto hawakuchagua mafundisho. Waliletewa na wakubwa waliowaamini. Kila mara nikisimama mbele ya watoto nikasema "Mungu anataka hivi", hiyo picha iko nyuma ya kichwa changu. Mtoto hana kichujio. Ukimwambia Mungu anachukia njaa yake, ataamini. Ukimwambia Mungu anaitaka, ataamini pia. Kwa hivyo wale wanasema kufundisha watoto ni kazi ya wale hawawezi kuhubiri, sikubaliani kabisa. Mkubwa akisikia upuuzi anaweza kutoka nje. Mtoto anakaa, kwa sababu aliambiwa akae. Ndio maana lile swali la mkate ni la muhimu sana. Mtoto anayejua anaruhusiwa kuuliza "alirudishiwa?" ni vigumu kumpeleka msituni.

Kwa hivyo sisi tulifanya nini? Kitu kidogo. Kati ya wale kumi na wawili, wanne tunarudi kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Mimi ni mmoja. Nusu saa ya kwanza ni kusoma tu: silabi, maneno, stori fupi, kwa sababu tuligundua watoto kadhaa wa gredi ya pili wanakariri mistari ya Biblia ambayo hawawezi kuisoma. Halafu somo, halafu maswali, na maswali ndiyo huchukua muda mrefu. Kuna mwezi mvua ilinyesha tukabaki na watoto sita. Kuna mwezi sikuwa na nauli nikaazima. Hakuna kitu cha kuvutia hapo, na hapo ndipo nimejifunza zaidi kuliko zile siku tano. Agosti nilikuwa na hamu. Mwezi wa Novemba, asubuhi ya baridi, hamu haikuwepo, nikaenda bado.

Na sihitaji kukuambia uende Kiandutu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 katika mji wa Ruiru peke yake. Unafikiri wangapi ni watoto? Ukitoka kwa geti ya ploti yenu Jumamosi saa nne, wako hapo nje wanapiga mpira wa makaratasi, wanangoja mama arudi kutoka kazini. Tunalipa nauli ya kwenda kuona umaskini wa mbali, na hatujui jina la mtoto wa nyumba ya chini.

Ushauri wangu, kama bado uko hapa. Jumapili hii usikae ndani ya ibada kubwa. Tafuta mwalimu wa watoto wa kanisa lenu, yule huwa peke yake na watoto hamsini nyuma ya mabati, na umuulize darasa gani halina mtu. Kubali kupigwa msasa. Akiuliza maswali kuhusu wewe, wewe ni nani, unatoka wapi, nani anakujua, usiudhike. Mtu anayekuachia watoto bila kukuuliza kitu ndiye wa kuogopa. Chukua darasa moja miezi mitatu. Simu kwa begi. Ukiulizwa kitu hujui, sema hujui, enda usome, rudi na jibu wiki ijayo.

Na kama wewe si mtu wa kanisa, chukua mtoto mmoja wa ploti na kitabu kimoja, kila Jumamosi, saa moja. Nakuhakikishia atakuuliza kitu kitakunyima usingizi.

Baada ya hiyo miezi mitatu, njoo tuongee kuhusu kukua kiroho. Nitakusikiliza. Na swali langu la kwanza litakuwa: wiki ijayo unarudi?